Dhima ya Kipokezi cha CCR5 katika Uvimbe na Maambukizi ya VVU: Mfano wa Bukoba
Makala haya yanafafanua CCR5, kipokezi kilicho juu ya baadhi ya seli za kinga. Kazi yake ya asili ni kunasa ishara za kemikali zitokazo kwenye tishu iliyovimba na kuziongoza seli huko. Mwaka 1996 ilibainika kwamba VVU, baada ya kujishikiza kwenye CD4, hukitumia kama mlango. Hivyo, vidonda vya magonjwa ya zinaa huzikusanya seli zilezile ambazo virusi huzihitaji. Mjini Bukoba, uchunguzi wa 1987 ulikuta maambukizi kwa asilimia 24.2 ya watu wazima. Jaribio la Mwanza (1995) la kuboresha tiba ya magonjwa hayo lilipunguza maambukizi mapya kwa takriban asilimia 40. La Rakai, Uganda (1999), halikuonyesha nafuu hiyo. Inahitimishwa kuwa tiba hiyo hukamilisha kinga nyingine, haichukui nafasi yake.