Picha ya Daftari la Dawa Imefika Kwenye Kikundi cha Ukoo: Zahanati Ifanye Nini?

Silibwet ni mji wa watu wanaojuana. Anayekuandikisha dirishani kwenye zahanati huenda ameolewa na ndugu wa jirani yako, na jioni mtapanga foleni pamoja kwenye kituo cha kununulia majani chai. Kwa hiyo tukizungumzia kuvuja kwa rekodi za wagonjwa huku Bomet, mdukuzi wa ng'ambo hanikoseshi usingizi. Ninayemwogopa ni mtu mwenye funguo halali za kabati.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa zahanati ya binafsi anaona jina la mke wa binamu yake kwenye daftari la wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Anaupiga picha ukurasa na kumtumia dada yake. Kesho yake picha iko kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Msimamizi wa zahanati anaonyeshwa Jumatatu saa nne asubuhi.

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa saa 72 tangu alipojua, maadamu mwenye taarifa anaweza kudhurika kweli. Na hapa nani atabisha kwamba anaweza? Kwa hiyo barua inapaswa kumfikia Kamishna wa Ulinzi wa Data kabla ya Alhamisi saa nne, hata kama uchunguzi bado uko nusu. Akichelewa, aeleze sababu.

Wengi huanza kwa kuwaamuru wafanyakazi wafute kila kitu. Subira. Hifadhi kwanza nakala moja ya picha ilivyosambaa, na muda iliotumwa, mahali ambapo mtu mmoja tu anapafikia. Kisha ndipo uwaombe walioipokea waifute. Mwondolee karani ruhusa ya kuingia kwenye mfumo siku hiyo hiyo. Kama rekodi ziko kwenye kompyuta, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha nani alifungua faili gani na saa ngapi, ila kwa sharti kwamba kila mfanyakazi ana nywila yake. Pale ambapo nywila moja imebandikwa ukutani kwa ajili ya dawati zima, kumbukumbu zitakuambia tu kwamba "mapokezi" walifungua, na hapo ushahidi wako umekwisha.

Sasa mgonjwa. Hapa ndipo zahanati nyingi hujikwaa, kwa sababu huwaza jina lao kabla ya kumwaza yeye. Sheria inataka aarifiwe kwa maandishi: nini kimevuja, hatua gani zinachukuliwa, yeye afanye nini kupunguza madhara na, inapowezekana, ni nani aliyeziona taarifa zake bila idhini. Soma tena hilo la mwisho ukiwa Silibwet. Kumwambia mama huyu kwamba aliyemvujisha ni shemeji yake ni kuwasha moto ndani ya boma, lakini kumficha ni kumwacha aendelee kumsalimia na kumsimulia mengine. Kwa maoni yangu aambiwe, tena ana kwa ana, na mhudumu anayemwamini, mshauri nasaha akiwa karibu. Barua akabidhiwe mkononi. Asitumiwe bodaboda. Barua isiachwe dukani, wala asipigiwe kwenye simu inayoshikwa na mume au watoto, maana hapo zahanati itakuwa imevujisha mara ya pili.

Kuhusu karani, hasira si utaratibu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilizwe kabla ya kufutwa. Mwajiri anayemfukuza langoni adhuhuri ile ile anaweza kujikuta akimlipa fidia mtu aliyemkosea. Upande wa jinai, Sheria ya Ulinzi wa Data inaruhusu faini isiyozidi shilingi milioni 3, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Zahanati nayo haijifichi nyuma ya karani. Faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa zahanati ndogo hiyo asilimia 1 si kitu cha kutisha. Kinachouma ni kifungu cha 65: mgonjwa anaweza kudai fidia, na madhara yanayohesabiwa ni pamoja na fadhaa, si hasara ya pesa peke yake. Hata hospitali kubwa hazikuponea: mwaka 2011 mfumo wa hospitali za UCLA kule California ulikubali kulipa dola 865,500 baada ya wafanyakazi kuchungulia faili za wagonjwa mashuhuri.

Majina kwenye orodha kama hizi yana uzito wa pekee Kenya. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha iliyo katika kifungu cha 31 cha Katiba. Ikiwa Rais hakuruhusiwa, karani ataruhusiwa na nani?

Mama wa mfano wetu hana haja ya kusubiri zahanati ijirekebishe. Anaweza kumlalamikia Kamishna, ambaye sheria inampa siku 90 kuchunguza na kumaliza shauri. Na kwa kuwa suala ni virusi vya UKIMWI, ipo pia Mahakama Maalumu ya VVU na UKIMWI, iliyoanzishwa chini ya sheria ya 2006. Kwa Kamishna halazimiki kuandika: malalamiko ya mdomo yanakubaliwa, na ni kazi ya ofisi hiyo kuyanakili.