Pumzi ya Injini Kuukuu: Utangulizi

Anayeingia kwenye fani hii ya kufunga supachaja kwa mara ya kwanza huja na swali moja: supachaja ipi itaniongezea nguvu nyingi zaidi? Karibu sana, ila swali hilo tuliweke kando kidogo. Kwanza tujue injini yako inameza hewa kiasi gani, na nguvu hiyo unaitaka wakati gani.

Tuchukue Mazda MX-5 ya kwanza, ile ya mwaka 1989. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa karibu lita 1.6. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo mzunguko mmoja humeza lita 0.8. Kuongeza petroli si kazi kubwa. Kazi ni hewa, maana gramu moja ya petroli inadai karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Dereva wa Nairobi analijua hili mwilini: gari lililokuwa jepesi Mombasa huwa zito huko juu, mahali ambapo mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano. Supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kusukumia ndani hewa ambayo pistoni zisingeivuta zenyewe.

Pampu ya zamani zaidi kati ya hizi ni ya Roots, jina la ndugu wawili wa Connersville, Marekani, Philander na Francis, waliopata hataza mwaka 1860. Rota mbili huzunguka zikipishana bila kugusana, zikibeba hewa pembeni mwa kasha. Eaton M45, iliyofungwa kwenye MX-5 nyingi, hubeba lita 0.74 kila mzunguko. Sasa piga hesabu. Ukitaka mgandamizo mara 1.4 ya ule wa kawaida, unahitaji walau lita 1.12 kwa kila mzunguko wa krenki, hivyo pampu lazima izunguke zaidi ya mara moja na nusu, tena na ziada, kwa sababu hewa nyingine huvuja kurudi nyuma. Uwiano huo huamuliwa na puli. Ndiyo maana fundi mzuri huuliza kipenyo cha puli kabla ya kuuliza bei.

Pampu ya skrubu, aliyoiendeleza Alf Lysholm wa Sweden, hubana hewa ndani yake yenyewe na kuipasha moto kidogo kuliko Roots. Ya tatu ina feni ndani ya kasha lenye umbo la konokono. Mgandamizo wake hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukiwa nusu, unapata robo tu. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka inapendeza. Lakini MX-5 ni gari la kona, na mtu anayetoka konani anataka nguvu papo hapo, injini ikiwa bado chini. Kwa gari hili mimi huchagua Roots au skrubu.

Gharama ya uamuzi huo ni joto. Hewa ya nyuzi 30 ikisukumwa na Roots hadi mgandamizo ule wa mara 1.4 inaweza kutoka ikiwa na nyuzi 80 hivi, na hewa ya moto huifanya injini igonge: mchanganyiko hulipuka wenyewe bila kungoja moto wa plagi. Katika injini ambayo tangu kiwandani hubana mchanganyiko mara 9.4, nafasi ya kukosea ni finyu. Difu, ambayo itabeba nguvu hiyo ya ziada, nayo ikumbukwe, kwani ya MX-5 za mwanzo ni ndogo kuliko ya zile za lita 1.8 zilizofuata.

Basi kabla ya kununua chochote, fungua plagi zote nne uzipeleke juani. Kauri yake ikiwa na vitone vinavyong'aa, vidogo kama vumbi la pilipili manga, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, na injini imeshaanza kugonga hata kabla ya kuongezewa hewa. Kisha pima kompresheni. Silinda moja ikiachwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, fedha ya supachaja iende kwanza kwenye ringi, valvu na gasketi.