Kabla ya Kuuza Shamba kwa Ajili ya Ada

Matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatangazwapo, wazazi wengi wa Arua na Koboko huanza kuhesabu ng'ombe na mashamba. Mtoto amefaulu, naye ataka kusomea uchumi katika chuo kikuu cha binafsi.

Elimu hiyo yatufaa sisi tukaao mpakani. Mwezi wa Desemba 2015 Sudan Kusini iliiachia sarafu yake ifuate soko, na dola moja ikapanda kwa kiwango rasmi kutoka pauni 2.96 hadi 18.5 hivi. Sokoni pauni ilikwisha kushuka zamani. Kwa nini bei ya serikali na ya soko ziliachana? Mwanauchumi hufundishwa kulijibu swali hilo.

Lakini wazazi, tazameni kwanza. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, chini ya sheria ya 2001, huidhinisha vyuo na kila kozi. Takeni uthibitisho wa kozi yenyewe. Pili, uchumi ni hesabu. Mtoto azikimbiaye atataabika. Tatu, jumlisheni ada ya miaka yote mitatu, pamoja na malazi, chakula na nauli. Ulizeni pia kama kozi hiyo ipo katika matawi ya hapa Arua ya Chuo Kikuu cha Kikristo na cha Kiislamu, kwani alalaye nyumbani hupunguza gharama.

Shamba likiisha kuuzwa halirudi. Mkae na mtoto, mwandike hesabu hiyo pamoja, ndipo mwamue.