Ukienda Kakamega, usiingie msituni bila mwelekezi

VIJANA wengi wa Naitiri wanaujua msitu wa Kakamega kwa kupita tu. Unashika matatu Kamukuywa, unapita Webuye na Malava, macho yako kwenye simu, mpaka mjini.

Wikendi moja, shukia Buyangu. Hapo kuna lango la hifadhi ya taifa iliyotengwa mwaka wa 1985 na kusimamiwa na KWS. Ndani yake ni sehemu ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ile ya Kongo. Kenya hii hakuna mwingine wa aina hiyo.

Ukiingia peke yako utaona miti, basi. Mwelekezi atakuonyesha mtini ulioota juu ya tawi la mti mwingine, mizizi yake ikateremka hadi chini na kumnyonga mwenyeji wake polepole. Atasimama ghafla, anyooshe kidole juu: mbega weusi kwa weupe wanaruka, au shorobo mkubwa wa buluu ametua. Zaidi ya aina 300 za ndege wako humu.

Atakuonyesha vidonda pia. Mwiritsa hutoa dawa kwenye magamba yake, na watu huyabandua. Mti ukibanduliwa kuzunguka shina lote, hukauka. Hata mukombero, ule mzizi unaoutafuna steji, umepungua msituni kwa kuchimbwa ovyo.

Waelekezi wengi wamezaliwa kando ya msitu huu. Wanajua kwamba jirani hakati kuni kwa ubaya. Sufuria lazima ichemke. Ndiyo maana pesa unazomlipa mwelekezi si bakshishi. Ni sababu ya nyumba moja kutaka mti ubaki umesimama. Kule Isecheno, upande wa kusini, waelekezi wenyewe walianzisha shirika la KEEP miaka ya tisini kufundisha watoto wa shule kuhusu msitu. Nao wakulima wa Muliru wanapanda mimea ya dawa mashambani na kutengeneza dawa ya kuchua, Naturub, badala ya kuivuna msituni.

Lakini wageni wasipokuja, hesabu hiyo inageuka. Shoka halikosi kazi.

Kwa hivyo jipangeni, watu wanne au watano, si basi zima lenye spika. Ada ya langoni si malipo ya mwelekezi, kwa hivyo mkubaliane bei kabla ya kuanza safari. Fikeni asubuhi, kwani mvua hupenda kunyesha alasiri. Vaeni gambuti au viatu vigumu. Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020, kwa hivyo beba ya kujaza tena. Usimlishe tumbili hata akikuomba kwa macho.

Na picha ukipiga, usimsahau aliyekuonyesha. Weka namba yake, akikubali. Mteja wake wa wiki ijayo huenda ni rafiki yako.