Jiwe Linaloanguka kwa Picha Tano

Mtazamaji wa Kamituga hadanganyiki kirahisi kuhusu jiwe linaloanguka. Septemba 2020, baada ya mvua kubwa, mashimo ya dhahabu yaliporomoka hapa na wachimbaji wengi wakafia humo. Ukimwonyesha katuni ambamo jiwe linashuka kama unyoya, atacheka pale ulipotaka anyamaze.

Katika sinema ya picha moja moja unapiga picha, unasogeza kitu kidogo, unapiga tena. Picha 12 zinatosha kwa sekunde moja. Anayeanza husogeza jiwe kwa hatua zilizo sawa, nalo huteremka kama ndoo iliyofungwa kamba. Kitu kinachoanguka huzidisha mwendo. Galileo alieleza mwaka 1638 kwamba, katika vipindi vilivyo sawa, umbali kinaokwenda hufuatana kama 1, 3, 5, 7, 9.

Usihangaike kulining'iniza jiwe kwa uzi. Likate kwa karatasi, lilaze mezani, na simu uifunge imara juu yake ikitazama chini. Jean-Michel Kibushi, Mkongomani wa Studio Malembe Maa, alitumia karatasi zilizokatwa katika *Le Crapaud chez ses beaux-parents* (1991). Malembe kwa Kilingala ni polepole. Jina linaifaa kazi hii. Basi, ikiwa sentimita moja ya mchoro ni sentimita kumi za shimoni, sogeza milimita 3, kisha 10, 17, 24 na 31. Kwa picha hizo tano jiwe limeshuka sentimita 85, kama kimo cha meza. Mchi wa akina mama *twangaises* (kutwanga kwetu kumevalishwa mkia wa Kifaransa) haufuati hesabu hiyo, maana mkono unausukuma.

Kutua ndiko kugumu zaidi, na hapo lugha inasaidia kuliko hesabu. Jiwe huanguka pu! kwenye udongo, hutumbukia chubwi! majini. Tanakali hizi ni maagizo kamili kwa mpiga picha. Kwa pu!, jiwe likwame papo hapo, likae picha tatu au nne bila kutikisika, vumbi tu lipande kando. Kwa chubwi!, litoweke mara linapogusa maji, kisha viduara vipanuke. Sisi tulilidundisha mara mbili tukidhani tunaongeza uhai, likawa mpira. Tulifuta picha hizo na kurudia kutua peke yake, chaji ya simu ikiwa karibu kuisha.