Dampo likipangwa jirani, bei ya nyumba hushuka kabla ya lori la kwanza

Wanaotafuta viwanja na nyumba pembezoni mwa miji ya Afrika Mashariki huuliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha: maji, umeme na barabara. Swali la nne husahauliwa, nalo linaweza kumgharimu mnunuzi kuliko hayo matatu: taka za mji huu zitamwagwa wapi miaka 5 ijayo?

Swali hilo lina uzito kwa sababu soko la nyumba halingoji taka zifike. Bei huanza kuyumba tangu habari za mradi zinapovuma, na anayeumia zaidi ni yule aliyenunua kwa bei ya jana bila kuzisikia.

Somo la North Andover

Mfano uliopimwa vizuri unatoka mji wa North Andover, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Tetesi za kujengwa tanuri la kuteketeza taka zilianza baada ya mwaka 1978. Ujenzi ulianza mwaka 1981 na tanuri likawashwa mwaka 1985. Wachumi wawili, Katherine Kiel na Katherine McClain, walikusanya bei za nyumba zilizouzwa katika vipindi hivyo vyote na kuchapisha matokeo yao mwaka 1995.

Takwimu zao zina fundisho kubwa kwa mwekezaji mdogo. Mwaka 1981 nyumba zilizokuwa ndani ya maili 3, yaani karibu kilomita 5, kutoka eneo la tanuri ziliuzwa kwa wastani wa dola 30,688 chini ya zile za mbali. Mtu wa haraka angesema tanuri limekula dola zote hizo. Lakini mwaka 1978, kabla ya tetesi, nyumba za eneo hilo zilikuwa tayari zikiuzwa kwa dola 18,824 chini ya nyingine. Kwa thamani ya dola ya 1978, hasara inayoweza kuhusishwa na tanuri ni tofauti ya hizo mbili, takriban dola 11,864. Wakati huo tanuri lilikuwa bado halijatoa moshi wowote.

Mambo mawili yanajitokeza hapo. Kwanza, miradi ya taka aghalabu hupelekwa mahali ambapo ardhi ni ya bei nafuu tangu awali, kwa hiyo si kila shilingi ya unafuu inatokana na taka. Pili, sehemu ya hasara huingia sokoni mapema, wakati mradi ungali kwenye karatasi.

Ukubwa wa dampo na umbali

Mtafiti mwingine wa Marekani, Richard Ready, alilinganisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu madampo ya kufukia taka. Aliona kuwa dampo kubwa, linalopokea tani 500 au zaidi kwa siku, hushusha thamani ya nyumba zinazopakana nalo kwa wastani wa asilimia 13.7. Hasara hiyo hupungua kwa asilimia 5.9 kila maili moja mtu anapokwenda mbali, kwa hiyo hukaribia kwisha kwenye kilomita 3.7 hivi. Dampo dogo hushusha thamani kwa asilimia 2.7 tu, na baadhi ya madampo madogo hayakuonekana kuathiri bei kabisa.

Takwimu hizo ni za Marekani, ambako bei za mauzo huandikwa na kuhifadhiwa. Huku kwetu bei nyingi hubaki kati ya muuzaji, mnunuzi na dalali, na dampo lisilosimamiwa vizuri linaweza kuleta hasara kubwa zaidi. Hata hivyo hesabu yenyewe inafaa kwa mfano. Nyumba ya shilingi milioni 60 ikipungua kwa asilimia 13.7 hupoteza shilingi milioni 8.22. Kama mwenye nyumba aliweka milioni 12 zake na kukopa benki milioni 48, hasara yote inaangukia zile milioni 12, kwa sababu deni la benki halipungui. Anabakiwa na milioni 3.78. Theluthi mbili ya akiba yake imekwenda, na marejesho ya kila mwezi yako palepale.

Uzoefu wa Dar es Salaam

Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jambo hili kwa vitendo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi, harufu na nzi kutoka dampo lililokuwa katikati ya makazi yao. Mahakama iliamuru taka zisimwagwe tena hapo na dampo jipya litafutwe pasipo na madhara kwa watu. Pamoja na amri hiyo, kazi ya kumwaga taka Tabata iliendelea hadi mwaka 1991. Jiji lilipogeukia Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, nao wakashinda. Baadaye taka zilipelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Kwa mnunuzi, safari hiyo ya taka ina maana kubwa. Mtu ambaye angeuza nyumba Tabata ili kukimbia moshi na kununua Mtongani angekutana na malori yaleyale. Kwa upande mwingine, Tabata ya leo ni eneo kubwa la makazi na biashara, na dampo limebaki kuwa historia. Maana yake ni kwamba hasara ya dampo si lazima iwe ya kudumu, lakini faida huipata yule tu mwenye uwezo wa kusubiri. Anayedaiwa na benki au anayehitaji kuuza kwa dharura hana nafasi hiyo.

Mpango pia unaweza kutangazwa na usitekelezwe. Jijini Nairobi, jaa la Dandora, lililoanza miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mpango wa kuhamishia taka Ruai ulipingwa na wahusika wa usafiri wa anga, kwa hofu kuwa korongo na ndege wengine wanaofuata taka wangehatarisha safari za uwanja wa Jomo Kenyatta. Katika hali kama hiyo wenye viwanja hubaki na wasiwasi miaka mingi bila kujua dampo linakuja au haliji.

Hatari haiishii kwenye bei. Agosti 10, 2024, rundo la taka la Kiteezi, Kampala, liliporomokea nyumba za jirani na kuua watu zaidi ya 30.

Fidia haimfikii kila mtu

Wanunuzi wengi hujifariji kwamba mradi ukija watalipwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka anayechukuliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, makazi na faida iliyopotea. Lakini malipo hayo ni ya yule ambaye ardhi yake imetwaliwa. Jirani aliye nje ya mpaka wa mradi, anayebaki na nyumba yake pamoja na harufu, hayumo katika orodha hiyo. Njia inayombakia ni mahakama, kama walivyofanya watu wa Tabata, na kesi huchukua muda na fedha.

Ndiyo maana ukingo wa mradi ni mahali pa hatari kuliko ndani ya mradi.

Si kila mfanyabiashara hupoteza. Karibu na dampo hukua biashara ya vyuma chakavu, chupa za plastiki, gereji za malori na mama lishe. Kiwanja kisichofaa kwa nyumba ya kuishi kinaweza kufaa kwa yadi au ghala, hasa barabara ikiimarishwa kwa ajili ya malori. Kosa ni kulipa bei ya makazi kwa ardhi inayoelekea kuwa ya yadi.

La kufanya kabla ya kulipa

1. Mnunuzi aende ofisi ya ardhi ya halmashauri kuona mchoro wa mipangomiji. Aangalie maeneo ya jirani pia, siyo kiwanja chake peke yake.

2. Aulize kama kuna tathmini ya athari kwa mazingira inayoendelea. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inaidai kwa miradi ya aina hii, nayo hushirikisha wananchi. Ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji hupata habari mapema kuliko dalali.

3. Apime umbali kutoka dampo, na pia kutoka barabara ambayo malori yatapita.

4. Afike zaidi ya mara moja. Kiwanja kilichokaguliwa wakati wa kaskazi kinaweza kuwa na hewa safi, kisha kusi ikaleta harufu yote. Masika nayo huonyesha maji machafu yanateremkia upande gani, jambo la lazima kwa anayetegemea kisima.

5. Alinganishe bei ya eneo hilo kabla na baada ya tetesi. Kama palikuwa rahisi tangu zamani, unafuu uliopo leo bado haujahesabu dampo, na mnunuzi ana haki ya kuomba punguzo jingine.

Muuzaji anayeshusha bei ghafla na kutaka fedha zote wiki hiyohiyo aulizwe sababu. Katika ardhi ya pembezoni mwa mji, rahisi huweza kuwa ghali, na siku ya kulijua hilo ni kabla ya kutia saini.