Ukusanyaji wa Majina ya Mahali ya Kigaeli katika Parokia za Vijijini Nchini Ayalandi: Nafasi ya Matamshi katika Kubaini Maana

Makala haya yanaeleza namna majina ya mahali ya Kigaeli yanavyokusanywa na kufasiriwa katika parokia za vijijini nchini Ayalandi. Hoja yetu ni kwamba maana ya jina haibainiki kwa tahajia ya ramani pekee. Hutegemea pia matamshi ya wenyeji, nyaraka kongwe na sura ya ardhi yenyewe.

Tahajia inayotumika leo ina historia yake. Mwaka 1824 serikali ya Uingereza ilianzisha upimaji wa Ayalandi nzima ili kurahisisha ukadiriaji wa kodi ya ardhi. Ramani zilichorwa kwa kipimo cha inchi 6 kwa maili moja, na kila kitongoji kilihitaji jina. Vitongoji hivyo ni zaidi ya 60,000. Kuanzia mwaka 1830, mtaalamu John O'Donovan alishughulikia majina hayo. Alizunguka mashambani, akawasikiliza wazungumzaji wa Kigaeli, akalinganisha matamshi yao na maandishi ya kale, kisha akaandika umbo la asili na maana yake katika madaftari ya upimaji. Hata hivyo, ramani zilichapishwa kwa tahajia ya Kiingereza. Kiini kikabaki daftarini, umma ukapewa ganda.

Athari yake inaonekana katika majina yanayoanza na Kil-. Jina Kilmore laweza kutokana na Cill Mhór, yaani kanisa kubwa, au Coill Mhór, yaani msitu mkubwa. Katika Kigaeli, konsonanti ya kwanza ya cill ni nyembamba na ya coill ni nene, na irabu zake pia hutofautiana. Tahajia ya Kiingereza imefuta tofauti hiyo. Anayetegemea ramani tu aweza kujenga kanisa mahali palipokuwa na miti.

Kwa mintarafu hiyo, mkusanyaji hana budi kufuata hatua nne. Kwanza, anase sauti ya mwenyeji akilitaja jina ndani ya sentensi. Pili, atafute maumbo ya kale zaidi yaliyoandikwa. Tatu, apazuru mahali penyewe. Nne, aandike maelezo ya wenyeji kando na asili iliyothibitishwa, kwani simulizi la kijiji lina thamani yake hata lisipokuwa chanzo cha jina.

Kazi hii haina muda wa kusubiri. Njaa Kuu, iliyoanza mwaka 1845, iliua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine wengi. Maeneo maskini yaliyozungumza Kigaeli yaliumia zaidi. Leo majina ya vitongoji yanapatikana katika hifadhidata ya Logainm, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008. Lakini majina mengi ya makonde, visima na miamba hayakuingia katika ramani yoyote. Hayo yamo vinywani mwa wazee tu.

Suala hili si geni Afrika Mashariki. Jina Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, ila asiyejua Kimaasai hasikii maji ndani yake. Tuhitimishe kwamba herufi huhifadhi jina, lakini maana yake huhifadhiwa na wanaolitamka. Nao ndio wa kuulizwa kwanza, wakingalipo.